Kura zikikaribiana: jinsi ya kuandaa, kufuata na kuelewa kesi ya urais Kenya, kuanzia mlango wa kituo hadi Mahakama ya Upeo

Watu wengi hudhani kesi ya kupinga urais huanza ile siku mawakili wanashusha maboksi ya karatasi pale Mahakama ya Upeo huku kamera zinawaka. Hapana. Ikifika hapo sehemu kubwa imeshaamuliwa, imeamuliwa na wakala fulani huko Turkana ama Likoni ama Kisii ambaye usiku wa kuhesabu kura alikaa macho akapewa nakala yake ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ama alichoka akaenda kulala akaacha mwenzake wa chama kingine asimamie mambo. Mawakili wazuri wapo wengi Nairobi. Ushahidi ndio hupungua.

Uchaguzi unaokuja ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo bado kuna wakati wa kujifunza hii kitu vizuri bila presha. Nimeiandika kwa mtu wa kawaida, awe anataka kuwa wakala, awe anataka kufuata kesi bila kudanganywa na kila mtu mwenye simu, ama awe mwananchi anayefikiria kwenda kortini yeye mwenyewe, maana inaruhusiwa, tutafika hapo.

Ila kwanza, wale mnaosoma mkiwa nje ya Kenya msibebe haya mkayatumia kwenu hivi hivi. Tanzania bara na visiwani hali ni nyingine kabisa: Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishatangaza rais amechaguliwa hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo hapo Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba hicho kifungu kinavunja Mkataba wa Afrika. Uganda kesi inaruhusiwa, una siku 15 za kufungua na mahakama ina siku 45 za kuamua. Congo matokeo ya CENI, tume yao ya uchaguzi, ni ya muda tu mpaka Mahakama ya Katiba iyathibitishe. Kwa hiyo kila unaposikia "si waende mahakamani tu", uliza kwanza ni mahakama gani na siku ngapi.

HATUA YA KWANZA: ijue hesabu kabla ya kujua siasa

Kenya mshindi wa duru ya kwanza anahitaji vitu viwili kwa pamoja. Zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Akikosa kimoja tunaenda duru ya pili ndani ya siku 30.

Sasa hapa ndipo watu hupotea. Kwenye uchaguzi uliokaribiana kuna pengo mbili tofauti na huwezi kuzichanganya. Chukua 2022: William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141 ambazo ni asilimia 50.49, na Raila Odinga, sasa marehemu, akapata 6,942,930, asilimia 48.85. Pengo kati yao ni 233,211. Lakini ukitaka kujua Ruto alikuwa mbali kiasi gani na duru ya pili, hutazami hiyo pengo, unatazama ule mstari wa nusu, na hapo alikuwa ameuvuka kwa kama kura 70,000 tu. Ni hadithi mbili tofauti kabisa. Mtu anayepinga anaweza kusema "mimi ndiye nilishinda" na hapo anahitaji kuziba pengo kubwa, ama aseme "huyu hakufika nusu" na hapo pengo ni dogo zaidi. 2013 ilikuwa nyembamba hata kuliko hiyo, Uhuru Kenyatta alitangazwa na 6,173,433, asilimia 50.07, yaani kwa hesabu ya tume wakati ule, iliyoweka ndani hata kura zilizokataliwa, alivuka mstari kwa kura elfu nane na kidogo kwenye kura zaidi ya milioni 12.

Na je, kura zilizokataliwa zinaingia kwenye hesabu ya asilimia? Hili swali liliulizwa 2013 na Mahakama ya Upeo ikasema hapana, asilimia inahesabiwa kwa kura halali peke yake. 2022 likaulizwa tena na jibu likabaki lile lile. Kwa hiyo ukiona mtu anagawanya kwa jumla ya kura zote pamoja na zile zilizoharibika, mwambie kwa upole arudie hesabu.

HATUA YA PILI: kituoni, na hapa tukae kidogo

Kituo kimoja Kenya hakizidi wapiga kura 700 waliosajiliwa. Hiyo ni namba unayoweza kuishika kichwani. Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, moja moja, afisa msimamizi anainua karatasi mawakala waone, halafu matokeo yanaandikwa kwenye Fomu 34A. Hii fomu ndiyo kila kitu. Fomu 34B ya eneo bunge ni majumlisho ya 34A, na Fomu 34C ya kitaifa ni majumlisho tena, kwa hiyo kosa ama wizi popote pale juu unashikwa kwa kurudi chini kwenye 34A.

Kama wewe ni wakala, beba barua yako ya uteuzi, uape kile kiapo cha usiri mapema, beba chakula, maji, kalamu mbili, daftari, na betri ya ziada ya simu. Usidharau chakula. Kura zinafungwa saa kumi na moja jioni lakini walio kwenye foleni bado wanapiga, halafu kuna kufunga, kuna kuhesabu nafasi sita tofauti, ukiondoka hapo inaweza kuwa alfajiri. Vyama vinavyopeleka mawakala bila nauli na bila chakula vinajiibia vyenyewe.

Kabla kura hazijaanza kupigwa hakikisha umeona sanduku likiwa tupu, na uandike nambari za mihuri yake kwenye daftari. Mchana kutwa andika mambo kwa saa: saa tatu na dakika kumi kifaa cha KIEMS, kile cha kutambua wapiga kura, kilizima, saa tatu na nusu kikawaka, watu wangapi waliandikwa kwa mkono. Usiandike "kulikuwa na fujo". Andika nani, wapi, saa ngapi, na nani mwingine aliona.

Wakati wa kuhesabu kuna haki moja ambayo mawakala wengi hawaijui na inaniuma sana kuona haitumiki. Kanuni za uchaguzi zinamruhusu mgombea ama wakala kuomba kura zihesabiwe upya hapo hapo kituoni, si zaidi ya mara mbili. Hapo hapo! Bila wakili, bila ada, karatasi bado ziko mezani na watu wote wapo. Ukiwa na shaka omba. Mtu anayesubiri kuomba kura zihesabiwe upya na Mahakama ya Upeo wiki tatu baadaye, wakati angeomba usiku ule, amejiongezea mlima.

Kuhusu kura zinazobishaniwa: afisa akikataa kura na wewe unaona ni halali, sema unapinga, na sheria inataka hiyo karatasi iandikwe kwamba kukataliwa kwake kumepingwa. Iko na nafasi yake kwenye fomu. Usipopinga wakati ule, inaingia kwenye rundo la zilizokataliwa na hakuna atakayekumbuka.

Halafu fomu ikijazwa, kabla ya kusaini fanya hesabu hii, inachukua dakika mbili. Jumlisha kura za wagombea wote, ilingane na jumla ya kura halali iliyoandikwa. Ongeza zilizokataliwa, isizidi idadi ya watu waliotambuliwa na kile kifaa, wala isizidi waliosajiliwa. Mfano wa kubuni: kituo kina watu 640, kifaa kimetambua 452, mgombea A ana 231, B ana 214, wengine 3, zilizokataliwa 4. 231 na 214 na 3 ni 448, ongeza 4 ni 452. Sawa, saini. Lakini ukiona A ameandikwa 321 badala ya 231, jumla inaruka hadi 542 na hapo hapo unajua kuna tarakimu imegeuzwa, na mara nyingi ni uchovu tu wa usiku si wizi, mwambie afisa arekebishe na aandike marekebisho yakiwa na saini.

Ukikataa kusaini, andika sababu. Fomu ina nafasi ya sababu. Na ujue wazi kwamba kukosekana kwa saini ya wakala peke yake hakubatilishi matokeo, kwa hiyo wale wanaoambiwa na chama "mkiona tunashindwa msisaini" wanapotezewa muda.

Mwisho, chukua nakala yako. Afisa anatakiwa kukupa, na anatakiwa kubandika nyingine mlangoni pa kituo. Piga picha ya ile ya mlangoni, nzima, pembe zote nne, alama za usalama zionekane, na nambari ndefu ya kituo isomeke. Usikate picha, usiipambe, usiipitishe kwenye programu za kung'arisha. Tuma kwa mtu wa chama halafu ile ya asili ibaki kwenye simu yako. Nakala ya karatasi iweke kwenye bahasha kavu, usiikunje ovyo.

HATUA YA TATU: jijumlishie mwenyewe

Tangu 2022 picha za Fomu 34A zinawekwa wazi kwenye mtandao wa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, vituo 46,229 vyote, mtu yeyote anaingia anashusha. Hilo ni jambo kubwa sana. Zamani ulikuwa unategemea skrini ya Bomas, ule ukumbi wa Nairobi wa kujumlisha kura, peke yake. Sasa kikundi cha vijana kumi wenye kompyuta na intaneti ya maana wanaweza kujumlisha kaunti nzima kabla tume haijamaliza, na vyombo vya habari vilijaribu kufanya hivyo 2022 nchi nzima.

Mkifanya hivi gawaneni kwa eneo bunge, watu wawili tofauti waingize namba za kituo kile kile bila kuonana, halafu mlinganishe. Zikitofautiana rudini kwenye picha. Msianze na vituo mnavyovishuku, anzeni na vyote. Kisha linganisheni na Fomu 34B ya eneo bunge, ziko 291, yaani maeneo bunge 290 na moja ya Wakenya walio nje. Tofauti yoyote iandikwe: kituo, 34A inasema nini, 34B inasema nini, tofauti ni ya nani.

Na ile picha ya fomu inayozunguka WhatsApp, kabla ya kuituma mbele tafuta nambari ya kituo, ingia mtandao wa tume, fungua ya kituo hicho, weka pamoja. Angalia mwandiko, saini, jina la afisa. Ikiwa hazifanani usipige kelele bado, tafuta wakala wa kituo hicho ana nakala gani. Hii si adabu tu ya mtandaoni, kuna somo chungu la 2022 nitalieleza chini.

HATUA YA NNE: saa ikianza kukimbia

Tume ina siku saba baada ya uchaguzi kutangaza mshindi. Siku ya kutangaza ndiyo siku ya kuandika ukutani kwa kalamu nyekundu, maanake kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo:

- Siku 7 kutoka kutangazwa: petisheni iwe imefunguliwa Mahakama ya Upeo.
- Siku 14 kutoka kufunguliwa: mahakama iwe imesikiza na kuamua. Uamuzi wake ni wa mwisho.
- Ikibatilisha: uchaguzi mpya ndani ya siku 60.
- Ikithibitisha: kuapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba kutoka hukumu.

2022 ilikuwa hivi: kupiga kura 9 Agosti, kutangazwa 15 Agosti, Raila akafungua 22 Agosti siku ya mwisho kabisa, hukumu 5 Septemba, kuapishwa 13 Septemba. 2017 hivyo hivyo: kutangazwa 11, kufungua 18, hukumu 1 Septemba.

Siku 14 ni chache mno, na binafsi naona zingeongezwa, Ghana kesi ya uchaguzi wa Desemba 2012 iliamuliwa mwisho wa Agosti 2013, wao nao walikaa mno, lakini katikati hapo kuna nafasi. Mpaka Katiba ibadilishwe ndizo hizo. Na majaji hawana huruma na anayechelewa: 2013 upande wa Raila ulileta hati ya kiapo ya nyongeza yenye mamia ya kurasa nje ya muda, ikakataliwa, haikusomwa. Pengine ingesaidia, pengine la. Haitajulikana.

HATUA YA TANO: amua kama kweli kuna kesi

Hapa kaa chini na wakili na uwe mkweli. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ndicho mzani. Kwa lugha ya nyumbani kinasema uchaguzi haubatilishwi kwa sababu ya makosa ya hapa na pale kama ulifanywa kwa kufuata misingi ya Katiba na makosa hayo hayakubadilisha matokeo. 2017 majaji wengi walikisoma kwa njia mbili zinazojitegemea: ama uonyeshe misingi ilivunjwa vibaya, ama uonyeshe matokeo yaliathirika. Moja ikithibitishwa inatosha.

Na ndiyo maana 2017 uchaguzi ulibatilishwa hata pale ambapo pengo lilikuwa kubwa, Uhuru 8,203,290 na Raila 6,762,224, karibu milioni moja na nusu. Ile kesi haikushinda kwa kuhesabu kura. Ilishinda kwa kuonyesha kwamba upitishaji wa matokeo ulivurugika: matokeo yalitangazwa wakati maelfu ya Fomu 34A hazijafika, baadhi ya fomu za chini hazikuwa na alama za usalama, na Fomu 34C yenyewe, ile kubwa iliyomtangaza rais, haikuwa na alama ya usalama wala nambari ya mfululizo. Juu ya hapo mahakama iliamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na majaji wakasema basi tutachukua kwamba madai kuhusu seva ni ya kweli. Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu upande mmoja, majaji wawili wakapinga. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika mahakama kubatilisha ushindi wa rais aliye madarakani, halafu Malawi wakafuata Februari 2020.

Linganisha na 2022. Pengo dogo, makamishna wanne kati ya saba wa tume wameyakana matokeo hadharani dakika chache kabla ya kutangazwa, kila mtu anadhani safari hii lazima ianguke, na majaji saba wote wakakubaliana kwamba uchaguzi ni halali. Kwa nini? Kwa sababu fomu zilikuwa wazi kwa wote na zililingana. Mahakama ilikubali kwamba kujumlisha na kuhakiki ni kazi ya tume nzima si ya mwenyekiti peke yake, lakini wale wanne hawakuleta hati hata moja kuonyesha kura za nani zilibadilishwa wapi.

Kwa hiyo jiulize maswali haya kwa mpangilio. Nina tofauti kati ya 34A na 34B? Katika vituo vingapi, jumla kura ngapi? Zinafika kwenye mojawapo ya zile pengo mbili? Kama hazifiki, nina ushahidi wa mfumo mzima kuvunjika, si hisia? Jibu likiwa hapana kila mahali, hakuna kesi, na ni afadhali mgombea akubali mapema watu warudi makazini.

HATUA YA SITA: kufungua

Katiba inasema "mtu" anaweza kufungua, haisemi mgombea. 2022 kulikuwa na petisheni kadhaa za wananchi na watetezi wa haki kando na ile ya Raila, na zilizobaki saba zikaunganishwa zikasikizwa pamoja. Lakini si bure. Ada ya kufungua ni shilingi 500,000 na dhamana ya gharama ni shilingi milioni moja. Andaa hizo hela kabla, benki hazifunguki usiku wa siku ya saba.

Kila dai kwenye petisheni liegemee hati ya kiapo, na hati ya kiapo iwe ya mtu aliyeona kwa macho yake. Hapa ndipo lile somo la 2022. Kulikuwa na fomu zilizoletwa kortini ikidaiwa zilitoka kwa mawakala wa vituo, zikionyesha namba tofauti na za kwenye mtandao wa tume. Msajili wa mahakama alipozilinganisha na za asili, za asili zililingana na za mtandao, zile za walalamishi ndizo zilikuwa tofauti. Na hao mawakala waliotajwa hakuna aliyeapa. Vile vile kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kuthibitisha kwamba mfumo uliingiliwa, mahakama ikasema baadhi ni za uchaguzi wa 2017 na nyingine ni za kughushi. Ukiweka karatasi moja ya uongo, zile tisini za kweli zinanuka nayo. Kwa hiyo wakala asipokubali kuapa, fomu yake iache nyumbani.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayelalamika. Kiwango chake ni cha juu kuliko kesi ya kawaida ya madai, ingawa hakifiki kile cha jinai, isipokuwa kama unadai mtu ametenda kosa la jinai, hapo utathibitisha kama jinai. Fikiria mara mbili kabla ya kuandika neno "wizi" kwenye petisheni. "Majumlisho hayalingani kwenye vituo hivi" ni dai jepesi zaidi kulithibitisha na linaweza kukufikisha pale pale.

Baada ya kufungua wahusika wanapelekewa haraka, wana siku nne za kujibu, unapata nafasi fupi ya kujibu majibu yao, na siku ya nane mahakama inaita kikao cha maandalizi. Hiki kikao ndicho cha kukitazama kwa makini kuliko hotuba za mawakili.

HATUA YA SABA: kuomba masanduku yafunguliwe

Watu wanasema "wahesabu upya" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Cha kwanza ni kujumlisha upya fomu, hakuna sanduku linaloguswa, unachukua 34A na kupiga hesabu tena. Cha pili ni kuhesabu upya kura zenyewe, sanduku linafunguliwa, karatasi zinahesabiwa. Cha tatu ni ukaguzi, ambao ni mpana zaidi: unatazama mihuri, vishina vya karatasi, sajili, kumbukumbu za KIEMS, kura zilizokataliwa, hata seva. Kwenye ombi lako sema unataka kipi.

Sahau nchi nzima. Vituo 46,229 kwa siku zilizobaki baada ya kikao cha maandalizi, ambazo ni kama sita na hukumu ndani yake, haiwezekani, na hakuna jaji atakubali. 2013 mahakama yenyewe iliamuru fomu za vituo vyote zikaguliwe upya lakini ukaguzi wa kina ukawa wa vituo 22, vile vilivyolalamikiwa kwamba kura zimezidi waliosajiliwa. 2022 masanduku yaliyofunguliwa yalikuwa ya vituo 15 tu: vya Nandi Hills na Sinendeti huko Nandi, Belgut, Kapsuser na Chepkutum kule Kericho, vingine vya Jomvu na Mvita Mombasa, vingine vya Nyandarua. Kazi ilifanywa ndani ya siku mbili chini ya msajili, mawakala wa pande zote wakiwepo, na kura zikalingana na fomu bila tofauti ya maana.

Kwa hiyo ukiomba, taja kituo kwa jina na nambari, na kila kituo kiwe na sababu yake: hapa jumla imezidi waliotambuliwa, hapa wakala alifukuzwa na kiapo chake ni hiki, hapa fomu mbili tofauti. Panga kuanzia chenye ushahidi mzito zaidi, kwa sababu mahakama inaweza kukupa kumi na tano ukiwa umeomba mia, na usipopanga wewe hutajua watachukua vipi. Na kwa teknolojia, omba kitu unachoweza kukisoma. Kupewa ruhusa ya kuingia kwenye seva saa chache bila mtaalamu anayejua anatafuta nini ni kupoteza zile saa.

Siku ya ukaguzi peleka watu walewale waliojumlisha ile hatua ya tatu, wanajua namba kwa kichwa. Waandike kila kitu na wasaini ripoti wakiisoma, kama hawakubali waandike wasichokubali, ni mambo yale yale ya kituoni.

HATUA YA NANE: kusikiza na kusoma hukumu

Hakuna mashahidi wengi wa kusimama na kuulizwa maswali kama kwenye sinema, karibu kila kitu ni viapo na hoja, na kila upande unapewa muda wa kupimwa. Mawakili wakianza kupiga mafumbo na methali, usichukue hizo kama alama. Sikiliza maswali ya majaji. 2022 walitoa maswala tisa ya kuamua, na mtu aliyeyafuata hayo tisa, moja moja, alielewa hukumu ilipokuja kuliko aliyesikiliza hotuba zote.

Siku ya 14 mahakama inaweza kusoma uamuzi mfupi halafu sababu kamili baadaye. 2017 uamuzi ulikuja 1 Septemba na sababu 20 Septemba. 2013 uamuzi 30 Machi, sababu katikati ya Aprili. Kwa hiyo usiandike uchambuzi mrefu kabla hujasoma sababu, na ukiona mtu amenukuu "jaji amesema" siku ile ile, ngoja.

Kuhusu gharama, 2013, 2017 na 2022 mahakama iliamuru kila upande ujilipie, ila hiyo si ahadi.

HATUA YA TISA: baada ya hapo

Ikibatilishwa, ujue kazi inaanza upya na wakati huu mna siku 60 na watu wamechoka. 2017 marudio yalifanyika 26 Oktoba, Raila akawa amejitoa tarehe 10 akisema tume haijarekebishwa, na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 39 tu. Mtu anayefungua kesi lazima awe na mpango wa huo uchaguzi wa pili siku anayofungua, mawakala, pesa na masharti anayotaka tume itimize, maana siku 60 haziruhusu kuanza kufikiria.

Ikithibitishwa, hakuna rufaa. Hakuna mahakama nyingine juu ya hiyo. Wanaokumbuka 2007 wanajua ilivyokuwa wakati upande ulioshindwa ulisema hauna imani na mahakama na ukakataa kwenda, watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hii Mahakama ya Upeo iliwekwa kwenye Katiba ya 2010 watu wakiwa na kumbukumbu hiyo mbichi kabisa.

Nakala zenu za Fomu 34A msizitupe hata hukumu ikitoka. Kesi za ubunge, ugavana na uwakilishi wadi zinaendelea kwa miezi kwenye mahakama nyingine, na fomu za nafasi hizo zilijazwa usiku ule ule, na maafisa wale wale. Wekeni zote pamoja, kwa mpangilio wa nambari za vituo, mahali pakavu, na mtu mmoja anayejulikana awe ndiye anayeshika ufunguo.